Kushusha bei hakukuletei kazi ya unukuzi

Jamani, kila kijana wa Unguja au Pemba anayeanza kazi za mtandaoni ana hoja ile ile: Wazungu wanaleta kazi huku kwa kuwa sisi ni rahisi, basi nishushe bei zaidi. Si kweli, na inawaumiza.

Chukua unukuzi wa mahojiano, yaani kuandika neno kwa neno yaliyosemwa kwenye sauti iliyorekodiwa. Malipo ni kwa saa ya sauti yenyewe, si kwa saa uliyokaa kitini. Sauti safi ya watu wawili humchukua mzoefu kama saa nne, na ya tano ni ya kusikiliza tena mwanzo hadi mwisho. Sauti ya barazani, watu wanakatana kauli na vespa zinapita, huzidi hapo. Tuseme umetoza dola 30 na jukwaa la mtandaoni lililokupa kazi likakata asilimia 10: zinabaki 27, yaani 5.40 kwa saa. Ukitoza 15, unabakiwa na 2.70. Hapo ndipo watu huacha kusikiliza mara ya pili.

Sasa muangalie mteja. Faili lako linapitiwa na mkaguzi anayelipwa, tuseme, dola 25 kwa saa. Likiwa safi, saa moja. Likiwa chafu, saa tatu. Mteja kaokoa 15 kwako, kapoteza 50 kwa mkaguzi. Harudi tena, wala hakwambii kwa nini.

Uchafu khasa ni upi? Makosa ya herufi ni madogo. Balaa ni wasemaji waliobadilishwa majina, alama za muda (dakika na sekunde neno liliposemwa) zilizosogea, na lugha "iliyosafishwa". Mpemba akisema "kaja", maana yake amekuja. Mnukuzi mwenye haraka anaandika "akaja", na habari ya sasa hivi inageuka hadithi. Mtafiti aliyetaka maneno yalivyosemwa haimfai. Usilolisikia, andika [haisikiki] na dakika yake, usikisie.

Mashindano ya bei yanaishia pabaya. Mwaka 2023 jarida la Time liliripoti Wakenya waliochambua maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, kampuni ya ChatGPT, kwa chini ya dola 2 kwa saa.

Shaka yangu ni programu za kompyuta zinazonukuu zenyewe. Sioni bei ya sauti safi ikisimama. Sauti ya Makunduchi au Micheweni, yenye lahaja yake, bado inataka sikio la mtu. Kwa muda gani, sithubutu kuahidi.

Kwa hiyo omba sauti kabla ya kutaja bei. Nukuu dakika tano za katikati, maana mwanzoni watu huongea kwa zamu na adabu. Pima muda uliotumia, zidisha kwa 12, ongeza saa ya kusikiliza tena, ndipo utaje bei.