Sahani ya peke yake

Mama mmoja alinivizia kwenye korido siku mumewe alipomaliza kupigwa mionzi. Akaninong'oneza: "Daktari, samahani. Nyumbani nimemtengea sahani na kikombe, watoto nimewapeleka kwa dada. Nimekosea?" Mimi si daktari, ni mwanafizikia wa tiba, ila swali hilo ni langu kabisa.

Nilimwita mzee mwenyewe, nikapitisha kipima mionzi kifuani, shingoni, mgongoni. Kikasoma kilichosoma kwenye benchi tupu. Hakikusoma sifuri, maana hakuna mahali duniani kinaposoma sifuri: udongo una urani na thori kidogo, madini yanayotoa mionzi yenyewe, na hata ndani ya mtu mzima atomu kama 4,000 za potasiamu-40, aina ya potasiamu inayotoa mionzi, huvunjika kila sekunde. Mama akashtuka zaidi. Kosa langu, ningeanzia kwingine.

Shida inaanzia kwenye lugha. Neno "mionzi" tunalitumia kwa vitu viwili. Kipo kitu chenye viini vya atomu visivyotulia, na kipo kinachoruka viini hivyo vinapovunjika: alfa, ambayo hata karatasi huizuia, beta, inayokwama kwenye bati la alumini la milimita chache, na gama, inayotaka madini ya risasi au zege nene. Fikiria jiko la mkaa. Ukiliota unapata joto, pengine hata unaungua, lakini hugeuki kaa la moto. Kaa likidondokea kwenye kanga yako, hapo ndipo unatembea nalo.

Mzee aliota jiko. Mashine yetu ina kobalti-60, metali inayotoa mionzi, iliyofungiwa kwenye kichwa cha risasi. Gama zake huchoma uvimbe na kuharibu seli, lakini hazina nguvu ya kuvifanya viini vya mwili vianze kuvunjika. Chanzo kikirudi kwenye maficho yake, hakibaki kitu chumbani. Kobalti yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, ndiyo maana aliyelala dakika moja na nusu chanzo kikiwa kipya, leo angelala karibu tatu kwa dozi ileile.

Kaa kwenye kanga ni Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Waokota vyuma walibeba mashine ya tiba iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamwa, wakaivunja. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, nayo hutoa mionzi, uliong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana kama zawadi, wakajipaka. Mtoto wa miaka sita akala chakula mikono ikiwa na unga ule. Walikufa wanne, naye akiwemo. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na sesiamu mwilini au kwenye nguo.

"Kwa hiyo nimrudishe mezani?"

Leo hii hii, mama, na watoto warudi.

Akatazama benchi la pili, alipokaa dada mmoja mgonjwa, mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo akisubiri kumeza kidonge chake. "Na huyu?"

Huyo anakwenda kumeza iodini-131, yaani chanzo chenyewe cha mionzi. Nusu-maisha yake, yaani muda wa kupungua kwa nusu, ni siku nane, na kabla haijaisha hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Yeye ndiye anayehitaji sahani yake, kitanda chake, na siku kadhaa bila kubeba mtoto. Mama akamsogelea yule dada, akaanza kumweleza namna ya kupanga chumba.