"Intelligence" Magazetini Haikuwa Ujasusi

Wasomaji wengi wanaofungua magazeti ya Uingereza ya karne ya 19 na kukuta kichwa "Shipping Intelligence" huenda wakadhani kwamba hapo palichapwa siri za kijasusi kuhusu meli, kwa kuwa leo neno la Kiingereza "intelligence" humaanisha pia ujasusi. Sivyo hata kidogo. Katika vichwa vya magazeti ya zama hizo neno hilo kwa kawaida lilimaanisha habari tu, na chini ya kichwa hicho mfanyabiashara alisoma jina la meli, nahodha wake, bandari ilikotoka na siku ilipotia nanga, mambo ambayo kwa mwenye shehena baharini yalikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote ya bungeni. Vivyo hivyo National Intelligencer, gazeti lililoanzishwa Washington mwaka 1800, halikuwa chombo cha majasusi, bali lilijulikana kwa kuchapa mijadala ya Bunge la Marekani.