Kusoma wageni wa site wakati biashara yote inapita kwa WhatsApp

Kazi yangu ni kusoma hesabu za site za watu hapa Lubumbashi: mashule, wauzaji wa pyese za gari, kliniki, nyumba za wageni, wote wenye walijenga site na sasa wanataka kujua nani anaingia mule. Karibu kila patro ananiuliza swali moja la kwanza: "tuko na wageni wangapi?" Naelewa juu ya nini anauliza vile, alitoa makuta, anataka kuona namba. Lakini ile namba peke yake haimwambii kitu, na kwetu hapa inapoteza mtu haraka sana, juu hizi programu za kuhesabu wageni, Google Analytics na wenzake, ukiziacha vile zilivyo zinafikiria mtu anafika kutoka Google, anaangalia bidhaa, anajaza kikapu, analipa na karte, bas. Kwetu haiko vile. Kwetu mtu anaona linki kwenye grupu ya WhatsApp, anafungua, anaangalia picha na bei, kisha anarudi WhatsApp kuuliza bei ya mwisho. Mlango wa kuingilia ni WhatsApp na wa kutokea ni WhatsApp, na programu haioni vizuri hata mmoja mpaka wewe mwenyewe uiambie.

Tuanze na ule wa kuingilia. Ukibonyeza linki iliyo ndani ya site ingine, navigateri yako kwa kawaida inaambia site mpya umetokea wapi. WhatsApp yenyewe ni aplikasyo kwenye simu, haiko ukurasa wa intaneti, kwa hiyo mtu anafika bila barua yoyote ya kusema ametoka wapi, na Google Analytics inamtupa kwenye fungu lenye jina Direct, pamoja na wale wenye waliandika adrese ya site kwa mkono. Patro anaona Direct iko kubwa kupita zote anafurahi, anasema watu wanajua jina letu kwa kichwa. Hapana. Mingi kati yao ni watu wenye walipata linki kwenye grupu ya familia, ya kanisa, ya promosyo ya chuo, na wewe hujui ni grupu gani inakuletea watu na gani inakupotezea wakati.

Dawa yake ni lebo za UTM, yaani maneno unaongeza nyuma ya adrese ya linki kabla hujaituma. Mfano: `?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=wazazi-belair`. Linki ya grupu ya wazazi wa kartiye ya Bel-Air unaipa jina lake, ya komini ya Katuba lake, ya statu yako lake. Kisha siku chache unaona kwenye ripoti kila moja imeleta watu wangapi. Angalia vitu viwili tu. Programu inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo ukiandika Whatsapp leo na whatsapp kesho itakuwa vyanzo viwili, andika yote kwa herufi ndogo siku zote. Na kwenye utm_medium usijitungie neno lako, juu Google iko na orodha ya maneno inatambua, social iko ndani, ukiandika "grupu" au "statu" pale wageni wako wanaweza kwenda kwenye fungu la wasio na fasi. Majina yako ya kutunga weka kwenye utm_campaign, mule uko huru. Pia lebo hizi ni za linki zinazotoka nje kuja kwako tu, usiziweke kwenye linki za ndani ya site, zinafuta habari ya kweli ya wapi mtu alitoka.

Mlango wa kutokea ndiyo wenye makuta, na ndiyo ninauona umesahaulika zaidi. Kwenye site ya muuza pyese hakuna fasi ya kulipa, kuna kitufe cha WhatsApp na namba ya kupiga. Kwa hiyo kile kitufe ndiyo mauzo yako, ndiyo unapaswa kuhesabu, kuliko kuhesabu wageni. Toleo la sasa la Google Analytics, wanaliita GA4, linaandika lenyewe kila mtu anapobonyeza linki ya kutoka nje ya site, na linki ya wa.me (adrese fupi yenye inafungua WhatsApp) ni ya nje, basi tukio, yaani kitendo cha mgeni chenye programu inaandika, liko tayari mule, linaitwa click, ila limechanganyika na linki za Facebook na za ramani. Unatengeneza tukio lako jipya lenye linachukua tu zile zenye domeni ya wa.me, unaliita whatsapp_click, unaliweka kuwa tukio muhimu. Kupiga simu ni kitu kingine: linki zenye zinaanza na tel: GA4 haizioni yenyewe, lazima uiongezee, mimi natumia Google Tag Manager, chombo cha Google cha kuongeza vipimo kwenye site, kwa ile kazi. Ukimaliza, swali "wageni wangapi" linabadilika linakuwa "kati ya walioangalia plakete za breki, wangapi walituandikia", na hili swali patro anaweza kulifanyia kitu kesho asubuhi.

Na kuna kitu kingine ninakipenda sana, hakigharimu hata franga moja. Linki ya wa.me inakubali uandike ujumbe tayari ndani yake, mtu akibonyeza anakuta maneno yameshaandikwa, yeye anatuma tu. Weka mule jina la kitu na kodi fupi (code, alama ya kuutambua) ya ukurasa, mfano "Bonjour, nauliza plakete za mbele za Noah, kodi P14". Sasa yule kijana anayejibu WhatsApp butiki anaona kodi, anaiandika kwenye kaye, na jioni anaandika pembeni kama mtu alinunua ao alipotea. Programu itakuonyesha mibonyezo, kaye itakuonyesha makuta, na ukiweka vyote viwili pamoja ndipo unaanza kuelewa. Nimeona kurasa zenye wageni mingi sana na mauzo hakuna, na ukurasa mdogo wenye karibu kila anayeandika anakuja kuchukua. Programu peke yake ingekuambia uongeze nguvu kwenye ule wa kwanza.

Sasa hao "wageni" wenyewe ni nani. Programu haihesabu watu, inahesabu navigateri, juu inaacha kuki ndogo ndani ya kila moja na inaitambua kwa ile kuki. Mtu akifungua linki ndani ya Facebook, aplikasyo ya Facebook inafungulia ukurasa mule mule ndani yake, kesho yake akifungua kwa Chrome anakuwa mtu wa pili. Kwenye iPhone, Safari inafuta kuki za namna hii kisha siku 7 kama mtu hajarudi, kwa hiyo anayekuja mara moja kwa wiki mbili ni mgeni mpya kila mara. Upande mwingine, kompyuta moja ya siber pembeni ya chuo, wanafunzi wanapokezana kutwa nzima, inaweza kuhesabiwa mtu mmoja. Kwa hiyo namba ya wageni itumie kulinganisha mwezi na mwezi, usiisome kama idadi ya vichwa. Na ukiona cPanel, ule ukurasa wa kusimamia site kwa wanaokuhifadhia, inaonyesha wageni mara nyingi zaidi kuliko Analytics, usikimbilie kuchagua ile kubwa: AWStats, programu ya kuhesabu yenye iko ndani ya cPanel, inasoma kila ombi lenye linafika kwenye seva, na maroboti ya kila aina yanapiga maombi mule usiku na mchana.

Fasi mtu ako pia ni ya kukisia. Programu inakisia mji kutokana na adrese ya IP, yaani namba yenye simu ao kompyuta inatokea nayo kwenye intaneti, na simu zetu zinatoka kwenye intaneti kupitia mitambo ya operateri yenye inaweza kuwa mbali na wewe, kwa hiyo mtu amekaa Kamalondo, hapa Lubumbashi, na ripoti inamuweka Kinshasa, hii naiona kila mara. Mwingine ako Kasumbalesa, kwenye mpaka, na karte ya simu ya Zambia, ripoti inasema Zambia. Nchi ya mbali iamini kiasi, mji usiuamini. Na saa nayo, tafadhali: Congo iko na saa za aina mbili, Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima. Wakati unafungua akaunti chagua saa ya Lubumbashi, kama hujagusa kitu unaweza kujikuta na saa ya Los Angeles, na hapo saa yenye bakiliya wako wanaamka itaonekana kama usiku wa siku iliyopita. Ukibadilisha baadaye inatengeneza siku zinazokuja tu, za nyuma zinabaki vile.

Nikupe mfano wa shule moja, maana hapa ndipo nilipenda kazi yangu zaidi. Mama mwenye shule aliona kwenye ripoti sehemu kubwa ya wanaofungua ukurasa wa minervali wako Ubelgiji na Afrika ya Kusini, akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wa mbali watanisaidia nini, si uwaondoe tu?" Nikamwambia Mama, tusiwaondoe, tuwaangalie kwanza. Tukaangalia: wanaingia usiku, wengi mwezi wa saba na wa nane, kabla ya rantre, wanasoma minervali, wanasoma namna ya kulipa, wanafika kwenye namba ya Mobile Money wanasimama pale, hawabonyezi kitu. Hao ni mashangazi na wakubwa wenye wanalipia watoto wa familia wakiwa huko, na ukurasa ulikuwa haujawaelezea hata neno moja namna ya kulipa kutoka nje. Shule ikaongeza maelezo na kitufe cha kuandikia sekreteri moja kwa moja. Ripoti ilionyesha fasi watu wanasimama, lakini kujua hao ni nani ilitoka kwa mtu anayejua namna familia za hapa zinaishi.

Kama uko na site ya zamani, usilinganishe namba zake na za leo. Ile Google Analytics ya zamani iliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023. Kule, mtu kuondoka kisha ukurasa mmoja ilihesabiwa amekimbia hata kama alisoma dakika tano. Kwa GA4 akikaa zaidi ya sekunde 10, ao akifungua ukurasa wa pili, ao akifanya tukio muhimu, anahesabiwa ameshughulika. Kwa hiyo "waliokimbia wamepungua" inaweza kuwa ni kipimo kimebadilika tu. Na ingia leo kwenye mipangilio ubadilishe muda wa kutunza data, inakuja na miezi 2, ipandishe ifike 14, bila hiyo ukitaka kuchimba kwa undani rantre ya mwaka jana na ya mwaka huu utakuta ya mwaka jana haiko.

Asilimia nazo zisome ukijua nchi ilikuwa inapitia nini. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki tatu. Kwenye site za hapa, asilimia ya wageni wa Ulaya ilipanda sana siku zile, na hakuna mtu mmoja aliyeongezeka Ulaya, ni sisi tulikuwa hatuonekani. Umeme ikikatika kwenye komini nzima ni vile vile kwa udogo. Tia alama kwenye kalenda siku kama zile, mwaka ujao hutakumbuka grafike ilianguka juu ya nini.

Wenye hawataki data ya bakiliya wao ikae kwa Google wanaweza kutumia Matomo, zamani iliitwa Piwik, ni ya bure ukiiweka kwenye seva yako mwenyewe, iko na Kifaransa kizuri, na iko na kitu cha faida sana kwetu: unabonyeza mara moja kwenye simu yako na inaacha kukuhesabu, kupitia kuki. Kwa GA4 kujiondoa mwenyewe inategemea IP, na IP ya simu inabadilika badilika. Plausible ni nyepesi zaidi, skripti yake ni ndogo kabisa, haitumii kuki, kwa site yenye wageni wanaohesabu mega zao ni jambo la kufikiria, lakini huduma yake wanailipisha kila mwezi kama huwezi kuiweka mwenyewe.

Yoyote utakayochagua, tangu Machi 2023 nchi iko na Kodi ya Numeriki (Code du numérique, sheria ya mambo ya intaneti, haiko kodi ya kulipa), na data ya mtu inalindwa mule. Google nao wanakataza kutumiwa majina, email ao namba za simu za wageni. Jaza fomu ya site yako wewe mwenyewe, kisha angalia adrese pale juu ya navigateri. Ukikuta namba ya simu imeandikwa mule ndani, ile adrese nzima inaenda kwenye ripoti kila mtu anapojaza, tengeneza ile fomu kwanza, ripoti utafungua kisha.