Hasira, Woga na Wivu wa Mtoto wa Shule ya Awali

Mtoto wa miaka minne anaweza kuona wivu, aibu, woga na uchungu wa kuachwa ndani ya asubuhi moja, lakini ukimuuliza kilichompata atakujibu "sitaki". Neno hilo moja linabeba kila kitu: sitaki uji, sitaki shule, sitaki mtoto mchanga alale na mama. Asipoeleweka, mwili unazungumza badala ya mdomo. Anatupa kikombe, anamng'ata mwenzake, anajigaragaza dukani kwa Mangi mbele za watu. Au anakaa kimya pembeni ya darasa muhula mzima, na huyu tunamsifu kuwa ni mpole.

Sisi tunaowashauri wazazi na walimu wa awali huletewa zaidi yule anayetupa vikombe. Swali huwa lile lile: nifanye nini aache? Jibu huanzia mbali kidogo na pale mzazi anapotarajia, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii haifanyiki mtoto anapolia. Inafanyika akiwa ametulia, anaogeshwa, anachambua mchele na bibi, au amebebwa mgongoni kurudi nyumbani.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomsaidia mtu kujizuia, kungoja na kupima jambo kabla ya kulitenda, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Mtoto wa miaka mitatu au mitano ndiyo kwanza anaanza safari hiyo. Kwa hiyo anapolipuka si lazima awe anakupima nguvu, na hotuba ya dakika tano wakati huo haimwingii hata kidogo. Kinachomfaa ni mtu mzima aliyetulia karibu yake, sauti ya chini na maneno machache.

Kuzitambua hisia nako kuna hatua zake. Watoto wengi huanza kutambua uso wenye furaha, kisha huzuni na hasira. Woga na mshangao huendelea kuwachanganya kwa muda. Kuelewa kwamba mtu anaweza kuwa na hisia mbili zinazopingana kwa wakati mmoja ni jambo gumu zaidi, na wengi hawawezi kulieleza mpaka wawe tayari shule ya msingi. Ndiyo maana kumuuliza mtoto wa miaka minne "unampenda mdogo wako au humpendi?" ni kumwonea. Anampenda, na pia angefurahi kama mdogo huyo angerudishwa alikotoka.

Hebu sikiliza maneno tunayowapa watoto kila siku: mtundu, mkaidi, msumbufu, anadeka, ana kisirani, amesusa. Karibu yote ni hukumu. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunaambiana roho inaniuma, tumbo joto, moyo unanienda mbio, nina dukuduku, lakini maneno hayo hatumshushii mtoto, ingawa yeye ndiye yangemfaa zaidi, maana hisia zake huanza kujitokeza mwilini. Mtoto anayesema tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi achunguzwe tumbo kwanza. Minyoo ipo na ni kweli. Tumbo likionekana zima, mkae chini, umuulize kama linauma vile linavyouma akitaka kwenda chooni, au kama siku ile umeme ulipokatika akiwa peke yake chumbani. Wengi hujibu vizuri kuliko tunavyodhani.

Mazungumzo ya namna hii yana faida inayoonekana baadaye. Mwaka 1991 mtafiti Judy Dunn na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia familia zenye watoto wa miezi 36. Watoto ambao nyumbani kwao hisia zilizungumzwa zaidi katika umri huo walikuja kuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kusoma hisia za watu wengine walipofika miaka sita. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kawaida ya nyumbani: nani amelia, kwa nini, na ikawaje.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Mtoto anacheza uani, unamwambia muda wa kuoga umefika, anakupiga. Pokea kwanza hisia: "Umekasirika. Ulitaka kuendelea kucheza, na mama amesema basi." Halafu weka mpaka, kwa maneno mafupi: "Kupiga hapana. Mama anaumia." Kisha mpe njia: "Ukikasirika niambie, au kanyaga chini kwa nguvu." Na kuoga kunabaki pale pale. Wazazi wengi, na mabibi zaidi, hapa hunikatiza: huko si kumdekeza? Kumdekeza ni kumwachia asioge kwa sababu amelia. Hapa hasira imekubaliwa, kupiga kumekataliwa na maji yanamsubiri. Ukikosea kuitaja hisia yenyewe, usijali. Mtoto anayekugombeza "sijakasirika mimi, naogopa!" amekwisha kujifunza ulichotaka ajifunze.

Kuna mazoea mawili ambayo ningependa tuyaache kabisa. La kwanza ni kumwambia mtoto wa kiume kwamba mwanaume halii. Huzuni yake haiondoki kwa kuambiwa hivyo. Inatafuta mlango mwingine, na mlango pekee ambao mvulana huachiwa wazi ni hasira. Baadaye tunashangaa kwa nini anapiga wenzake. La pili ni kumtishia ili anyamaze: zimwi linakuja, mumiani yuko nje, polisi atakuchukua, ukilia daktari atakuchoma sindano. Ananyamaza kweli. Lakini siku ya kliniki unamburuta akipiga mayowe, na siku akipotea sokoni atamkimbia askari ambaye angemrudisha kwenu. Kuhusu sindano, ukweli mfupi unatosha: "Itauma kidogo, kisha itaisha. Nitakushika mkono."

Mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, langoni hushuhudiwa jambo jingine: mzazi anamsubiri mtoto ageuke kutazama bembea, kisha anatoroka. Walimu wengine ndio wanaolishauri hilo. Mimi nalipinga. Mtoto akigeuka na kukuta umetoweka, anajifunza kwamba ukimwondolea mtu macho anapotea, na kesho yake atakung'ang'ania kanga tangu nyumbani. Muage waziwazi, kwa ufupi, na umpe alama ya wakati anayoielewa: "Ukishakunywa uji, ukacheza, mkaimba wimbo wa kwaheri, baba atakuja." Kisha uondoke kweli, hata kama analia. Na ufike kwa wakati uliosema.

Kwa walimu najua hali ilivyo. Kiwango kilichowekwa Tanzania kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya shule za umma yanazidi hapo kwa mbali. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imeyaweka malezi yenye mwitikio, yaani mtu mzima kutambua anachohitaji mtoto na kumjibu, miongoni mwa nguzo zake, bega kwa bega na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kumwitikia kila mmoja kila saa. Anachoweza ni kuchora kwa chaki sura nne sakafuni karibu na mlango: ya furaha, ya huzuni, ya hasira, ya woga. Kila mtoto akiingia anaweka kizibo cha soda juu ya sura yake ya asubuhi hiyo. Ndani ya muda mfupi mwalimu anajua ni nani wa kumpitia kwanza, bila kumsimamisha mtu mbele ya wenzake na kumhoji. Mtoto aliyeweka kizibo kwenye huzuni siku nyingi mfululizo atafutwe kwa upole, faraghani.

Hadithi ni nyenzo nyingine ambayo haina gharama. Baada ya paukwa pakawa, watoto wakishacheka jinsi Sungura alivyomlaghai Fisi, waulize Fisi alijisikiaje alipokuta chakula kimekwisha. Watoto ambao hawathubutu kusema habari zao husema za Fisi bila taabu, na mara nyingi za Fisi ndizo zao.

Kupumua kwa utulivu nako hufundishwa kwa mchezo. Mwambie mtoto ashike bakuli la kufikirika la uji wa moto: anausikia harufu kwa pua, kisha anaupuliza taratibu usimwagike. Fanyeni wakati wa furaha, mara nyingi, kwa vicheko. Ukimwambia kwa mara ya kwanza "pumua" akiwa amekwisha kufura, hatasikia.

Usisahau pia usingizi na njaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linapendekeza watoto wa miaka mitatu na minne walale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Mtoto anayelala saa nne usiku baada ya tamthilia na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule hatakuwa na subira, hata umfundishe maneno yote ya hisia.

Na wewe mzazi sema hisia zako pia, kwa kipimo chake. "Baba amechoka leo, nitakaa kimya kidogo halafu tutacheza." Ukimfokea kupita kiasi, rudi umwambie ulikuwa na hasira na kufoka kule hakukuwa sawa. Heshima yako haipungui. Kinachomwelemea mtoto ni kufanywa msiri wa ugomvi wa wakubwa au wa madeni ya nyumba.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri: mtoto aliyeacha kucheza kwa wiki kadhaa, aliyerudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anayeshtuka usiku mara kwa mara, anayejiumiza, au anayeogopa ghafla mtu fulani ama nyumba fulani. Mtoto aliyezoea kusikilizwa anaposema "naogopa" ana nafasi kubwa zaidi ya kusema pia anapofanyiwa ukatili. Akikwambia, usimhoji kwa kumrudiarudia na usimwahidi kuwa itabaki siri. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, hospitali, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Unaweza pia kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.