Wazo hili linastahili makala yake? Dhana potofu kuhusu nadharia ya kompyuta katika kamusi elezo

Kanuni ya Wikipedia ni fupi: ili mada ipate makala yake, iwe imeelezwa kwa kina na vyanzo vya kuaminika visivyofungamana na mwenye mada. Kuisoma ni rahisi. Kazi huanza pale wazo lenyewe linapokuwa la nadharia ya kompyuta, ambako wanaoandika ni wachache na wengi wao wanafahamiana.

Dhana: Wazo likishathibitishwa kuwa sahihi, linastahili makala.

Usahihi ni swali jingine kabisa. Kila mwaka huthibitishwa mambo mengi ambayo hakuna anayeyagusa tena. Kwa upande mwingine, swali la P na NP lililowekwa bayana na Stephen Cook mwaka 1971 bado halina jibu: je, kila tatizo ambalo jibu lake hukaguliwa haraka, hutatuliwa haraka pia? Halijathibitishwa upande wowote, na makala yake ni ya lazima.

Dhana: Halina matumizi, lifutwe.

Mwaka 1962 Tibor Radó aliuliza: mashine ya Turing, yaani kompyuta ya kufikirika inayosoma na kuandika alama kwenye utepe kwa kufuata kanuni za hali iliyomo, ikiwa na idadi fulani ya hali na ikianza na utepe mtupu, inaweza kwenda hatua ngapi kabla ya kusimama? Majibu hukua haraka kuliko fomula yoyote ambayo kompyuta inaweza kuikokotoa. Hakuna programu ya kuuza hapo. Hata hivyo watafiti wamelirudia swali hilo kwa zaidi ya miaka 60, na mwaka 2024 ndipo ilipothibitishwa kwamba kwa hali 5 jibu ni hatua 47,176,870. Andiko la Radó peke yake lisingetosha kuipa mada hiyo makala. Waliokuja baada yake, wakaendeleza hesabu na kulieleza upya swali hilo kwa maneno yao, ndio walioipa.

Dhana: Limechapishwa kwenye jarida lililohakikiwa na wataalamu, basi yamekwisha.

Hii ndiyo naikuta mara nyingi zaidi, na ndiyo inayopotosha watu makini. Uhakiki wa jarida unaonyesha kwamba wataalamu walilikagua andiko. Hauonyeshi kwamba kuna mwingine aliyelichukua wazo na kulifanyia kazi. Andiko la mwanzilishi ni chanzo cha mkono wa kwanza, na la mwanafunzi wake haliko mbali nalo.

Basi huwa natafuta watu wengine. Nani mwingine ametoa fasili ya wazo hili, akalipanua, akalikosoa, au akaliweka kwenye kitabu cha kiada? Idadi ya marejeo hudanganya. Marejeo 40 ya sentensi moja moja hayakupi cha kuandika, ilhali sura mbili za kitabu, za waandishi wawili tofauti, zinatosha kabisa kujenga makala.

Kinyume chake nacho ni kweli. Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena walitangaza mwaka 2002 njia ya haraka na ya uhakika ya kutambua namba tasa. Andiko lao lilitoka kwenye jarida mwaka 2004, lakini kabla ya hapo wanahisabati wengine walikuwa wamekwisha kulichambua na kulifafanua kwa maandishi. Aliyesubiri muhuri wa jarida alisubiri kitu kisicho sahihi.

Dhana: Nimetafuta kwenye intaneti, sikuona kitu.

Tafuta kwa majina yote. Leonid Levin alifikia matokeo ya aina ile ile na ya Cook akiwa Muungano wa Kisovyeti, akayachapisha kwa Kirusi mwaka 1973, kwa istilahi zake. Chanzo cha lugha yoyote kinakubalika, hata kwa makala ya Kiswahili.

Dhana: Bila makala yake, wazo limetupwa.

Hapana. Madaraja ya ugumu, yaani makundi ya matatizo yanayopangwa kwa kadiri kompyuta inavyohitaji muda au kumbukumbu kuyatatua, yaliyopewa majina ni mamia, na mengi yana fasili moja na matokeo mawili matatu. Daraja la namna hiyo husomeka vizuri zaidi kama aya ndani ya makala pana, karibu na ndugu zake, huku jina lake likimwelekeza msomaji kwenye aya hiyo. Vyanzo huru vikiongezeka, aya hutolewa ikawa makala, na historia yote ya uhariri inabaki pale pale.