Dagaa Kwenye Sima ya Mbwa

Mbwa wengi tunaowatibu kutoka Nyali, Bamburi na Kisauni, hapa Mombasa, ni wa ulinzi. Anayewalisha ni bawabu, si mwenye nyumba, na chakula chao hakibadiliki: sima iliyopoa, imemwagiwa mchuzi wa jana. Mbwa anashiba, tumbo limejaa ndi, lakini manyoya yanapukutika na kidonda kidogo tu hakiponi mwezi mzima.

Sima haina kosa. Mbwa si paka. Wanga ulioiva anaumudu vizuri. Kosa ni sima kuwa peke yake. Karibu nusu ya bakuli iwe samaki, mayai, matumbo au nyama, na juu yake boga au mchicha kidogo uliochemshwa. Kwa bei na kwa faida, mimi bado sijaona kinachowashinda dagaa. Waloweke kwenye maji ya moto, waoshe mpaka mchanga na chumvi vitoke, uwachemshe, kisha uwasongee humo humo kwenye sima, maana mbwa mjanja huchagua dagaa akaacha unga. Dagaa huliwa na mifupa yake, na humo ndimo ilimo kalsiamu. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Mtoto wa mbwa anayelelewa kwa steki peke yake, tena kwa mapenzi makubwa, miguu hupinda, na akiruka ngazi mbili tu mfupa unaweza kuvunjika. Mtoto wa mbwa alishwe mara tatu au nne kwa siku; mbwa mzima, mara mbili.

Baada ya harusi ndipo simu zetu huita sana. Masalio ya biriani yamejaa vitunguu, na kitunguu, kibichi au cha kukaanga, huharibu chembe nyekundu za damu. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai. Zabibu za pilau nazo huweza kuua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikawa na ncha kama sindano.

Kuna pia ule unga wa bei rahisi unaouzwa kuwa ni “wa mbwa”. Kwa unyevu wa hewa yetu, unga huota kuvu upesi, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Ndiyo iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Ini la mbwa haliihimili hata kidogo. Unga usioweza kuula wewe, usimsongee yeye.

Maji yawe kivulini, yabadilishwe asubuhi na jioni. Ya jana kwenye debe lililopigwa jua hayanyweki.

Kujua kama chakula kinatosha, pitisha kiganja ubavuni. Mbavu zihisike bila kubonyeza. Zikihesabika ukiwa umesimama getini, apewe kwanza dawa ya minyoo, kisha umwongeze dagaa, si sima.