Kupanga safari ya gari kupita juu ya mlima: anza na mteremko

Wengi wanaopanga kupita barabara ya mlimani huanza na mandhari: wasimame wapi, wapige picha wapi. Sisi tunashauri uanze na mteremko, maana kupanda huchosha injini lakini kushuka ndiko kunakoua.

Gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 1,000 huachia nishati inayotosha kuchemsha lita 40 hivi za maji. Sehemu yake humezwa na upepo na msuguano wa tairi. Inayobaki hubebwa na injini au na breki, na dereva ndiye anayeamua ni ipi. Akikanyaga breki kidogo kidogo njia nzima, padi za breki hupata moto hadi zikakosa mshiko, kisha mafuta ya breki huanza kuchemka. Mvuke hubonyea, kwa hiyo pedali huzama bila gari kupungua mwendo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Kama hayajabadilishwa kwa zaidi ya miaka miwili, yabadilishe kabla ya safari. Kagua pia unene wa padi.

Ingia gia nzito (ya namba ndogo) kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Gia ya kushukia mara nyingi ni ileile ambayo ungepandia mteremko huo. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu sekunde chache, punguza hadi chini ya mwendo unaoutaka, kisha achia zipoe. Usiweke nyutro kamwe, hata kama unataka kubana mafuta. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama, weka gia, zuia magurudumu kwa mawe, subiri nusu saa au zaidi. Usizimwagie breki maji, diski zake zinaweza kupinda au kupasuka. Wenye magari ya umeme wana mtego wao: betri ikiwa imejaa kule juu, haina pa kuweka umeme unaozalishwa wakati wa kushuka, na mzigo hurudi kwenye breki za kawaida.

Upandaji una hesabu zake. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa hiyo kulipita lori kunahitaji nafasi ndefu kuliko ulivyozoea. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, na usiguse kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Jaza tangi kabla ya kupanda.

Hali ya hewa iangalie ya kileleni, si ya mji wa chini. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, na wakati wa majira ya joto radi za milimani hupenda kuja alasiri, ondoka asubuhi. Barabara nyingi za juu hufungwa majira ya theluji: Stelvio nchini Italia, yenye mita 2,757, hufungwa kwa miezi kadhaa kila mwaka. Thibitisha kwa mamlaka ya barabara siku ileile, kwani ramani ya simu inaweza kukupeleka hadi kwenye geti lililofungwa.

Kwa muda, piga hesabu ya kilomita 30 hadi 40 kwa saa kwenye kona kali, kisha ongeza vituo. Simama sehemu zilizotengwa tu, zilizo upande wako wa barabara, na dereva atazame mandhari gari likiwa limesimama.

Juu ya mita 2,500 baadhi ya watu hupata kichwa kuuma na kichefuchefu, kwa kawaida baada ya saa kadhaa. Kupita tu mara nyingi hakuleti shida; kulala huko juu ndiko kunakoleta. Panga malazi upande wa chini, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya tarehe ya safari.